Somo la Mwezi: Mgonjwa wa Akili Anaporudi Nyumbani



Somo la mwezi huu linahusu jambo ambalo wengi wetu hulificha ndani ya nyumba. Ni habari ya ndugu zetu wanaougua akili, pamoja na wenye kifafa, kwa sababu hapa Uganda wote huhudumiwa na wauguzi wale wale. Tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Kijana mmoja wa jumuiya yetu alirudi kutoka hospitali ya mbali akiwa ametulia. Alilala usiku, aliongea vizuri, alimsaidia mama yake kupalilia maharagwe. Tulifurahi, tukamshukuru Mungu mbele ya kusanyiko. Baada ya wiki chache mama alitujia akauliza, "Vidonge vinakaribia kwisha, nifanyeje?" Sisi wa kamati tukamjibu kwamba mtoto amekwisha kupona, asihangaike tena. Kabla ya mvua kumalizika kijana alikuwa akizunguka usiku na kupiga kelele, na majirani wakataka afungwe kamba. Hospitali ilikuwa imefanya kazi yake. Sisi tuliompokea ndio tulioshindwa.

Tangu hapo tumeuliza wauguzi, tumesoma, na tumejifunza mambo ambayo tunapenda kuwashirikisha.

1. Zamani tiba ilikuwa mbali

Hospitali kuu ya magonjwa ya akili katika nchi hii ni Butabika, iliyoko Kampala. Ilifunguliwa mwaka 1955. Ilipangiwa vitanda 550, na nchi sasa ina watu zaidi ya milioni 45. Kutoka makazi ya Nakivale kwenda huko ni safari ya zaidi ya kilomita 250. Fikirini mama mwenye watoto watano akimfuata mgonjwa wake huko. Nauli ataitoa wapi? Watoto atawaachia nani?

Basi mgonjwa alipelekwa peke yake, au hakupelekwa kabisa. Aliyepelekwa alikaa muda mrefu, jamaa wakamzoea kuwa hayupo. Aliporudi alikuta jina la hospitali limemtangulia: watoto wanamkimbia, watu wazima hawamkabidhi hata jembe. Vidonge vikiisha, hakuna pa kupata vingine. Anaugua tena, nao watu wanasema, "Mnaona? Ugonjwa huu hauponi."

Serikali iliona shida hiyo. Mwaka 1999 huduma ya akili iliingizwa katika orodha ya huduma za msingi za afya. Hospitali za rufaa za mikoa zikapata wodi zake za magonjwa ya akili. Sheria ya Afya ya Akili iliyopitishwa mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1964, nayo inataka matibabu haya yapatikane katika vituo vya afya vya kawaida. Nia ni kwamba mgonjwa aanzie karibu na kwake, na Butabika ibaki kwa wenye hali ngumu zaidi.

Tunajua kwamba sheria ni jambo moja na dirisha la dawa ni jambo jingine. Kuna siku tunaambiwa dawa hakuna, turudi wiki ijayo. Lakini njia imefunguliwa, na tusipoitumia itaota majani.

2. Mtu wa kawaida aliyefundishwa anaweza kusaidia

Wengine hufikiri kwamba bila daktari bingwa hakuna linalowezekana. Tazameni yaliyofanyika katika nchi hii hii.

Katika wilaya za Rakai na Masaka, watafiti waliwafundisha wenyeji kwa wiki mbili kuongoza vikundi vya watu wenye huzuni nzito isiyoondoka. Wanawake walikuwa na vikundi vyao na wanaume vyao. Walikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakizungumza juu ya kufiwa, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Matokeo yalitolewa mwaka 2003. Mwishoni, katika kila watu 100 waliokuwa kwenye vikundi, wapatao 7 tu ndio walioonekana bado na ugonjwa huo. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, walikuwa zaidi ya 50.

Huko Nakivale, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwasikiliza wakimbizi wenzao kutoka Rwanda na Somalia waliosumbuliwa na kumbukumbu za vita: ndoto mbaya, kushtuka, kuogopa kulala. Kwa mujibu wa taarifa iliyochapishwa mwaka 2008, miezi tisa baadaye wengi wa waliosikilizwa, kama 65 hadi 70 katika kila 100, hawakuwa tena na ugonjwa huo. Kati ya wale ambao hali yao ilifuatiliwa tu bila kusaidiwa, walikuwa 37.

Na katika kambi ya Rhino, wanawake wa Sudan Kusini walikutana kwa vipindi vitano kusikiliza mafundisho yaliyorekodiwa, wakiongozwa na watu wasio wataalamu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mateso ya moyo yalipungua kuliko kwa wanawake ambao hawakupata mafundisho hayo.

Walioongoza kazi hiyo hawakuwa madaktari. Walikuwa watu kama mama wa kwaya, mwalimu wa watoto, au mzee wa jumuiya. Lakini walifundishwa, na walisimamiwa. Hatusemi kila mtu ajifanye mganga.

3. Hospitali ina kazi yake, nasi tuna yetu

Mnakumbuka katika Marko sura ya 2 yule mtu aliyepooza aliyebebwa na watu wanne. Hao wanne hawakumponya. Kazi yao ilikuwa kubeba, na bila wao mgonjwa asingefika.

Daktari humwona mgonjwa dakika chache kwa mwezi. Siku nyingine zote yuko kwetu. Nani ataona kwamba ameacha kulala? Nani atajua kwamba vidonge anavificha chini ya mkeka? Ni mama yake, jirani yake, kiongozi wa jumuiya yake. Kwa hiyo tukisema huduma itoke hospitalini ije kwa jamii, maana yake ni kwamba na sisi tumepewa kazi.

4. Mambo tunayokubaliana kufanya

a) Tuombe, na dawa iendelee. Maombi hayashindani na kidonge. Mtu yeyote, hata mtumishi, asimwambie mgonjwa aache dawa. Hasa dawa ya kifafa: ikikatwa ghafla, degedege huweza kuja mfululizo na kuua.

b) Dawa ikisumbua, turudi kituoni. Baadhi ya dawa hukaza mwili, hutetemesha mikono au huleta usingizi mwingi. Hiyo ndiyo sababu wengi huacha kimya kimya. Muuguzi anaweza kupunguza kipimo au kuomba ibadilishwe.

c) Tusifunge kamba, tusipige, tusimnyime mgonjwa chakula eti afunge. Akiwa amechafuka sana, watu wawili anaowaamini wakae naye kwa utulivu, mwingine amwite mhudumu wa afya wa kijiji.

d) Mtu akisema amechoka kuishi, tusimkemee kwamba ana dhambi. Tumsikilize, tusimwache peke yake, tuondoe karibu naye sumu ya shambani na kamba, na tumpeleke kituoni siku hiyo hiyo.

e) Mwenye kifafa asiachwe peke yake penye moto au maji. Akianguka, tumlaze ubavu, tusimtie kitu kinywani, wala tusiogope mate yake. Kifafa hakiambukizi.

f) Tumrudishie kazi na nafasi. Apewe jembe, afagie kanisa, aimbe. Na anayemtunza apate siku ya kupumzika, maana naye anachoka.

Yule kijana alirudishwa kwenye matibabu. Mama yake alitusamehe, jambo ambalo hatukustahili. Sasa kila mwezi mmoja wetu huenda naye kuchukua dawa. Kuna siku nzuri na kuna siku mbaya, lakini siku mbaya haimkuti tena mama akiwa peke yake.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni nyumba gani inayomficha mgonjwa kwa aibu? Tutaiendeaje bila kuiaibisha? (Majina yasitajwe kikundini.)

2. Je, kuna mtu tuliyemwambia aache dawa? Tutarekebishaje?

3. Siku ya kuchukua dawa ni lini, na ni nani atakayemsindikiza mgonjwa mwezi ujao? Andikeni jina kabla ya kufunga kikao.

Bwana awatie nguvu. Ni sisi ndugu zenu wa kamati ya afya ya kanisa.