Mwendo wa Ndege toka Nairobi hata London, na Hesabu ya Saa Zake

Mzee mmoja wa Nyeri alimsindikiza binti yake kiwanja cha ndege cha Embakasi, aende Uingereza kusomea uuguzi. Tikiti iliandikwa Jumanne, 00.20. Walifika Jumanne jioni, mapema kabisa, pamoja na jamaa tele, wakaambiwa kwamba ndege imekwisha kwenda zake tangu usiku uliotangulia. Nauli ile ilitokana na ng'ombe waliouzwa. Kwa hiyo yampasa kila asafiriye, na kila ampokeaye msafiri, kuijua hesabu hii.

Tuanze na mwendo. Toka Nairobi hata London, kwa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, ni yapata maili 4,250, yaani kilometa 6,840. Ndege kubwa za siku hizi huenda yapata kilometa 900 kwa saa. Ukigawanya utapata saa 7 na nusu na kitu kidogo. Walakini safari huchukua yapata saa 9, kwa kuwa ndege hupoteza wakati katika kupanda na kushuka, wala haifuati mstari ulionyoka sawasawa. Tena huko kaskazini hukutana na pepo za magharibi. Wakati wa kurudi pepo hizo humsaidia rubani, na safari aghalabu hupungua kwa nusu saa hivi.

Zamani haikuwa hivyo. Kampuni ya Imperial Airways ilipoanza, tarehe 28 Februari 1931, kuchukua barua toka London hata Mwanza kwa njia ya Kisumu, safari ilikuwa ya siku 10 hivi. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti iitwayo Comet iliondoka London na abiria, ikapitia Entebbe, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia.

Sasa tutazame saa, maana hapa ndipo wengi hukosea. Jua hutuchomozea sisi kwanza. Saa ya Nairobi huitangulia ya London kwa saa 3 wakati wa baridi yao. Lakini toka mwisho wa Machi hata mwisho wa Oktoba Waingereza husogeza saa zao mbele, na tofauti huwa saa 2 tu. Twaa mfano wa mwezi wa Januari. Ndege yaondoka Nairobi 23.50, ndiyo saa 5 na dakika 50 usiku. Baada ya saa 9, Nairobi ni saa 2 na dakika 50 asubuhi. Ondoa saa 3: London ni saa 11 na dakika 50 alfajiri, na tikiti itasema 05.50. Asiyejua atadhani safari ni ya saa 6 tu.

Tena tikiti huanza siku mpya saa 6 za usiku. Basi Jumanne 00.20 ni saa 6 na dakika 20, usiku wa kuamkia Jumanne. Wazee wa pwani, ambao kwao usiku hutangulia mchana wake, wasingekosea hapo. Abiria huagizwa kufika saa 3 kabla ya ndege kuondoka. Binti yule alipaswa kuwa Embakasi Jumatatu, saa 3 na dakika 20 usiku.