PAKA ANAYETOKWA NA MATE: NI MENO AU NI KICHAA?

Hapa Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, paka ni mwenyeji. Anakula vichwa vya sato, anakamata panya, analala juu ya mswala. Sheria haikututia uzito juu yake. Katika Hadithi ya Abu Qatada (R.A.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa paka si najisi, kwani ni katika wanaotuzunguka majumbani. Abu Qatada mwenyewe alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa. Lakini damu ni najisi. Paka mwenye ufizi unaovuja akinywa kwenye kopo lako ukaiona damu ndani, yamwage uchote mengine.

Paka mkubwa ana meno 30, wala hapigi mswaki. Utando wa bakteria hujijenga juu ya jino, ukichanganyika na madini ya mate hugeuka ukoga mgumu wa kahawia. Ukoga ukiingia chini ya ufizi, ufizi huvimba na kuachana na jino, na mfupa unaolishika jino huliwa polepole. Wapo wanaosema mifupa ya samaki humsafisha meno. Si kweli, humchoma ufizi au hukwama kwenye kaakaa.

Paka huficha maumivu, basi usingoje alie. Mtazame anapokula: anakwenda kwenye sahani kwa njaa kisha anarudi nyuma, anatafuna upande mmoja, anaangusha chakula. Mdomo unanuka uozo (si harufu ya dagaa, hiyo tumeizoea), ufizi una mstari mwekundu, manyoya yamechafuka kwa kuwa ameacha kujilamba.

Dalili nyingine ni mate, na hapa ndipo penye hatari. Kichaa cha mbwa nacho hutiririsha mate, na paka hukipata akiumwa na mnyama mwenye ugonjwa huo. Paka aliyebadilika tabia ghafla, anayeshambulia ovyo au anayepepesuka, usimfungue mdomo kutafuta mwiba. Mfungie chumbani, mwite ofisa mifugo wa kata. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asikae kusubiri aone kama paka atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Ikiwa ni meno, tafadhali usimpe Panadol. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Ini lake haliwezi kuisafisha dawa hiyo, chembe nyekundu za damu huharibika zikashindwa kubeba oksijeni, uso huvimba na ufizi hugeuka bluu. Diklofenaki na dawa ya meno ya watu nazo zikae mbali naye. Antibayotiki peke yake hutuliza kwa siku chache, maana ukoga umebaki pale pale. Daktari wa mifugo humpa dawa ya usingizi, akaukwangua ukoga na kung'oa jino lililooza.

Usiogope kung'olewa huko. Paka asiye na meno hula vizuri. Mpondee samaki aliyechemshwa, umtoe miiba yote, bila chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu nacho ni sumu kwake.