Kuhema mbiombio kabla ya kuzama

SWALI: Mimi ni mzamiaji wa pweza hapa Songosongo. Kaka zangu wamenifundisha kuhema mbiombio kabla ya kuzama, ili pumzi ikae. Bamvua lililopita mwenzetu alizimia akikaribia kuibuka; tulimwahi. Anasema hakuhisi kubanwa kabisa. Ilikuwaje?

JIBU: Mpe pole mwenzenu, na mtindo huo uacheni leo.

Kinachokubana kifua ukiwa chini hasa si upungufu wa oksijeni. Ni kabonidioksaidi inayojikusanya kwenye damu. Mwili unaizalisha muda wote, damu inaipeleka mapafuni, na huko, kwenye vifuko vidogo vyenye kuta nyembamba mno, inatoka na oksijeni inaingia. Hewa unayovuta ina oksijeni asilimia 21, unayotoa bado ina kama 16. Kabonidioksaidi huingia kidogo sana na kutoka ikiwa kama asilimia 4, na hiyo ndiyo ubongo unayoichunga zaidi.

Ukihema mbiombio huongezi oksijeni ya maana, kwani damu ya mtu mwenye afya tayari imeshiba kwa asilimia 95 na zaidi. Unafukuza kabonidioksaidi tu, sawa na kumfukuza mlinzi usiku. Unamkuta pweza tunduni, kang'ang'ania, unavutana naye, misuli inakula oksijeni, wala hubanwi. Kisha unapanda. Kwenye mita 10, kama pima tano na nusu, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na ndio uliokuwa ukiisukuma oksijeni iliyobaki iingie kwenye damu. Kadiri unavyopanda, mgandamizo huo unapungua, na fahamu zinapotea ghafla zikiwa zimebaki mita chache. Ndiyo maana mwenzenu hakuzimia chini.

Vuta pumzi kwa utulivu, kisha uzame. Ukiibuka, pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Zameni kwa zamu, mmoja chini, mwingine juu akimwangalia, na aendelee kumwangalia hata akishaibuka, kwa sababu wengine huzimia baada ya kutoa kichwa.

Aliyezimia, inueni uso wake juu ya maji upesi. Kama hapumui, mpulizieni mdomoni mara 5, kisha mkishafika chomboni mkandamizeni kifua mara 30 kwa kila pumzi 2. Msimkamue tumbo. Akizinduka na kusema ni mzima, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo: maji yaliyoingia mapafuni huweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.