Likizo ni ya Nyumbani

Mzazi wa Githongo, Meru, anayetamani kuwasomesha wanawe nyumbani asianze na vitabu wala ratiba. Aanze na sheria, maana ndiyo itakayomwambia ana nafasi kiasi gani.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri wa Elimu. Anayepewa ilani kwa maandishi na akaipuuza bila sababu ya maana anaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili. Mwaka 2019 mzazi mmoja wa Butere, Kaunti ya Kakamega, alikamatwa kwa kuwafundisha wanawe nyumbani. Suala hilo lilifika Mahakama Kuu, na mwaka 2021 ombi la kutaka elimu ya nyumbani itambuliwe kuwa haki ya mzazi likatupiliwa mbali. Zipo familia, hasa Nairobi, zinazofuata mitaala ya ng'ambo sebuleni mwao na hazijabughudhiwa. Wengine huona kimya hicho ni kibali. Mimi sikioni hivyo, na singemshauri mkulima wa majani chai akabahatishe jambo hili kortini.

Ila sheria hiyohiyo ina upande ambao haushikiliwi kwa nguvu ileile. Kifungu cha 37 kinapiga marufuku tuisheni ya likizo. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 nazo zinaweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa hiyo likizo za Aprili na Agosti, ile ndefu ya Novemba na Desemba, kila Jumamosi na Jumapili, na kila jioni ni wakati wa familia. Mtoto ambaye hajafika miaka minne, umri wa kuanza chekechea, ni wa nyumbani mchana kutwa. Ukijumlisha saa hizo utaona kwamba mzazi anayelalamika kuwa shule imemnyang'anya mtoto huwa mara nyingi amempeleka mwenyewe, kwa kumlipia tuisheni.

Sasa wakati huo utumieje? Kwanza, usiige shule. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na gredi nyingi zikakaa nje hadi Januari 2021, nyumba nyingi zilijaribu kuwa na kengele, vipindi na mzazi mkali mbele ya meza. Mambo hayo hayakudumu, na hayakustahili kudumu. Mtoto mmoja akikaa na mtu mzima mmoja huelewa kwa dakika ishirini jambo ambalo darasa la watoto hamsini hulihangaikia kipindi kizima. Kusoma kidogo asubuhi, hesabu kidogo, kisha kazi na michezo, inatosha.

Hesabu za Githongo ziko shambani. Chukua majani chai. Anayechuna huchagua majani mawili na chipukizi, hujaza kikapu, hupeleka kituoni, hupimiwa na kuandikiwa kilo zake. Mpe mtoto wa gredi ya 4 au ya 5 kazi ya kutunza risiti za mwezi. Ajumlishe kilo, azidishe kwa malipo ya kila mwezi, kisha aulize bonasi ya mwisho wa mwaka inahesabiwaje. Mwambie pia kwamba karibu kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya majani makavu, kwa kuwa sehemu kubwa ya jani ni maji. Kilo 45 zilizoingia kiwandani zitatoka ngapi? Hapo atakuwa amefanya uwiano bila kuogopa neno lenyewe. Na akikuuliza kwa nini mkulima hulipwa kidogo ilhali pakiti dukani ni ghali, usimnyamazishe. Hilo ni somo la uchumi, na pengine litamzidi mwalimu wake pia.

Wenye ng'ombe wana hesabu nyingine: lita za asubuhi, lita za jioni, zilizobaki kwa chai ya nyumbani na zilizopelekwa kwa chama cha maziwa. Daftari la senti chache linatosha. Usinunue chati za kupendeza.

Somo ninalolipenda zaidi ni la mvua. Tafuta mkebe wenye kuta zilizonyooka na kitako bapa, uweke mahali pa wazi, mbali na migomba na paa. Kila asubuhi mtoto achovye rula, asome milimita, aandike tarehe, kisha amwage maji. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Nyumba inayofunika ardhi ya mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20 ikinyesha usiku, juu ya mabati yake zimepita lita 960, yaani mitungi 48 ya lita 20. Pimeni ardhi iliyofunikwa, si mteremko wa bati, la sivyo hesabu itadanganya. Mtoto akishapata jibu hilo, hutahitaji kumhubiria faida ya gata na tangi. Yeye ndiye atakayekusumbua ununue. Maji yatakayoingia tangini yatapungua kidogo, kwa kuwa mengine hurukia nje na ya kwanza huachwa yasafishe paa.

Kutoka hapo jiografia hujileta yenyewe. Githongo iko upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda mlima, hewa hupoa, mvua hunyesha. Ndiyo maana juu kuna chai, chini kidogo kahawa, ukishuka zaidi hadi Mitunguu unakuta migomba inayonyweshwa kwa mifereji na mabomba, na ukiendelea Tharaka unakuta ukavu, mtama na pojo. Safari moja ya matatu kushuka huko, mtoto akiwa dirishani, inashinda ramani ya kitabuni. Mkienda Meru mjini, pitieni makumbusho yaliyo katika jengo la zamani la mkuu wa wilaya wa kikoloni.

Jikoni nako kuna sayansi. Nduma mbichi hukereketa koo kwa sababu ina fuwele ndogo za oksaleti. Ndiyo maana huchemshwa hadi iive sawasawa. Maharagwe yaliyolowekwa usiku huiva upesi na kuokoa kuni: mtoto apike sufuria mbili, moja yaliyolowekwa na moja makavu, atazame saa. Bustani ya mboga ianze ndogo, kitanda kimoja cha sukuma wiki na kimoja cha managu au terere. Nusu afunike udongo kwa nyasi kavu, nusu aache wazi, kisha baada ya siku kadhaa za jua achimbe kwa kidole aone upande upi una unyevu. Maganda, majivu kidogo na samadi viingie kwenye shimo la mboji. Haya ni maisha ya kawaida ya hapa. Wanaoyaita maisha ya asili na kuyalipia pesa wako mbali.

Lugha isisahaulike. Mtaala wenyewe unaipa lugha ya mama nafasi katika madarasa ya chini, ilhali nyumba zetu ndizo zinazoitupa kwanza. Kimeru kisemwe mezani, Kiswahili kisomwe, Kiingereza kitajitafutia njia. Nyanya akiwapo, mtoto akae naye jioni, aandike majina ya miti na matumizi yake kama anavyoyasikia. Kuhusu kusoma sina mengi: msomeeni kila siku kwa sauti, hata kama ni gazeti la juzi.

Kuna mpaka lazima uwekwe. Kumfundisha mtoto kuchuna chai kwa saa moja ni malezi. Kumfanya ajaze vikapu vya nyumba siku nzima, au abaki shambani wakati wenzake wako darasani, ni ajira ya watoto, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaikataza kazi inayomdhuru au kumnyima masomo. Asiguse dawa za kunyunyizia, asioshe pampu ya dawa hizo, asiingie shambani siku ya kunyunyizia. Makopo matupu ya dawa yasigeuzwe kuwa mkebe wa mvua wala wa kuchotea maji.

Yupo pia mtoto ambaye kwake nyumbani si chaguo la likizo, kwa kuwa ana ulemavu mkubwa au ugonjwa wa muda mrefu unaomzuia kufika shuleni. Sera ya mwaka 2018 ya elimu kwa wanafunzi wenye ulemavu inatambua elimu inayotolewa nyumbani kwa watoto kama hao. Mzazi wake asimfiche, wala asisubiri chifu aje kuuliza. Aende ofisi ya elimu ya kaunti ndogo aelekezwe kwenye kituo cha tathmini kinachojulikana kama EARC. Abebe cheti cha kuzaliwa, karatasi za hospitali na daftari lolote ambalo mtoto amewahi kuandika au kuchora. Huko mtoto hupimwa mahitaji yake na mzazi kushauriwa anafaa kusomea wapi na kwa msaada gani. Aombe apewe matokeo hayo kwa maandishi, na nakala aiache kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu.