Kumwandaa Mgonjwa Kabla ya Upasuaji wa Moyo: Somo kwa Kamati za Afya za Parokia



Somo letu la robo hii linahusu hali ambayo kamati nyingi za mwambao wa Ziwa Tanganyika zinaifahamu. Mgonjwa amepimwa na kuambiwa kwamba moyo wake unahitaji upasuaji. Barua ya rufaa imeandikwa, jumuiya ndogo ndogo zimeanza kuchanga, na siku ya safari imepangwa. Kisha mgonjwa mwenyewe anasema haendi. Au hasemi lolote, ila siku ya safari ikifika haonekani.

Mara nyingi tunadhani shida ni nauli, na nauli ni shida kweli. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni yapata kilomita 1,250, na mtu wa Kagunga au Kalya huanza safari yake kwa boti kabla hata hajaliona behewa. Lakini nauli ikishapatikana na mtu bado hataki kwenda, kinachobaki ni hofu. Hofu hiyo haiondoki kwa kumwambia mtu "usiogope, Mungu yupo." Kwamba Mungu yupo anajua. Asichojua ni kitakachotendeka kifuani mwake.

Siku hizi katika baadhi ya hospitali za nje kuna njia mpya ya kumwonyesha. Inaitwa uhalisia pepe. Mgonjwa huvaa miwani mikubwa inayofunika macho yote mawili, mfano wa ile ya wapiga mbizi. Ndani mna kioo cha picha mbele ya kila jicho, na kifaa kinachotambua kichwa kimegeukia wapi. Akigeuka kushoto anaona kilicho kushoto, akiinua uso anaona taa za dari. Hivyo mtu aliyekaa kitandani anaweza "kutembea" kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji, akaona mashine na watu waliovaa barakoa, siku kadhaa kabla ya kufikishwa huko kwa kweli. Hospitali ya watoto ya Stanford nchini Marekani ilianza mwaka 2017 kutumia njia hii kuwaeleza wazazi kasoro za moyo wa mtoto wao: mzazi anaingia ndani ya moyo uliochorwa na kuona tundu lilipo. Mwaka huohuo madaktari wa Korea Kusini walitoa matokeo ya utafiti kwa watoto 69 wa miaka 4 hadi 10 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa aina mbalimbali. Nusu yao walitembezwa chumba cha upasuaji kwa miwani hiyo kwa dakika 4, wakiongozwa na pengwini wa katuni wanayempenda. Watoto hao waliogopa kidogo kuliko wenzao walioelezwa kwa njia ya kawaida.

Je, ni miwani iliyowatuliza? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini jambo lenyewe ni la zamani kuliko miwani. Mwaka 1964 huko Boston, daktari wa usingizi Lawrence Egbert na wenzake walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Kundi la pili lilitembelewa usiku wa kuamkia upasuaji na kuambiwa mahali maumivu yatakapokuwa, yatadumu muda gani, na namna ya kupumua na kulegeza misuli ili yapungue. Kundi hili la pili lilihitaji takriban nusu tu ya dawa kali za maumivu, na kwa wastani lilitoka hospitali karibu siku 3 mapema. Hapakuwa na mashine yoyote. Alikuwapo mtu, kiti kando ya kitanda, na maneno ya kweli yaliyosemwa mapema.

Kwa hiyo hatulazimiki kusubiri miwani ifike Kigoma ndipo tuanze. Tunachopaswa kujua ni nini cha kusema.

Hofu ya upasuaji wa moyo ina mambo yake ambayo upasuaji wa henia hauna. Katika lugha yetu moyo si nyama tu. Tunatiana moyo, tunavunjika moyo, mtu mkatili tunasema hana moyo. Mgonjwa anaposikia kwamba moyo wake "utasimamishwa," anasikia kwamba atakufa kisha afufuliwe. Wengine huuliza kwa sauti ya chini: roho yangu itakuwa wapi wakati huo? Swali hilo halijibiwi na picha wala na daktari. Linamtaka padre, katekista, au kwa ndugu zetu wengi wa Ujiji, sheikh, anayekubali kukaa na kusikiliza bila kulicheka.

Sehemu ya mwili, hata hivyo, inaelezeka vizuri. Katika upasuaji wa kufungua moyo mgonjwa hulazwa usingizi mzito na hasikii kitu. Mfupa wa katikati ya kifua hukatwa kwa msumeno mdogo. Damu hupitishwa kwa mipira hadi kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Ilifaulu kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 1953, hivyo si jaribio. Wakati mashine inasukuma damu, moyo hupumzishwa kwa dawa, hurekebishwa, kisha huanza kupiga tena. Mfupa hufungwa kwa waya. Tumeona watu wakituliwa sana na habari ya mashine. Walikuwa wakidhani muda wote ule mwili unakaa bila damu.

Linalosahauliwa zaidi ni kuamka. Mgonjwa huamkia katika chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na bomba la kupumulia kooni, na kwa sababu ya bomba hilo hawezi kusema hata neno moja. Ana mipira inayotoa damu kifuani, waya mwilini, na mashine zinazolia usiku kucha. Asiyeambiwa mapema hudhani amepooza au upasuaji umeshindikana, na huenda akajaribu kulichomoa bomba. Aliyeambiwa hujua kwamba sauti itarudi bomba likitolewa. Mfundisheni ishara za mkono kabla hajaondoka nyumbani: moja ya maumivu, moja ya kiu, moja ya "mwite muuguzi." Mfundisheni pia kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku amekumbatia mto kifuani, kwa maana atatakiwa kufanya hivyo hata kama panauma. Mambo haya yanaweza kufundishwa jikoni kwake, kwa Kiha kama Kiswahili chake si kizuri.

Hapa tuweke tahadhari. Kumtuliza mtu si sawa na kumwelewesha. Filamu nzuri inaweza kumtuliza mgonjwa na bado asijue anachokubali anapotia sahihi, na ndugu anayesema "ni upasuaji mdogo tu" anafanya kosa hilohilo bila filamu. Tuchukue mfano wa msichana wa kijiji cha ziwani ambaye vali ya moyo wake imeharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaotokana na maambukizi ya koo utotoni yasiyotibiwa. Akiwekewa vali ya chuma, atameza dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku maisha yake yote, na damu yake itapimwa mara kwa mara. Kipimo hicho atakipata wapi, na nani atamlipia boti? Akitaka kuzaa, dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo lazima azungumze na daktari kabla ya kushika mimba. Vali ya nyama ina nafuu upande huo, lakini kwa kijana huchakaa mapema na huenda akapasuliwa tena. Maswali haya yaulizwe kabla ya upasuaji, yeye mwenyewe akiwapo, si baba yake na mjomba peke yao. Yanaweza kuongeza hofu kwa siku mbili tatu, nasi tunaona afadhali iwe hivyo.

Kuna jambo jingine la parokia zetu. Sakramenti ya mpako wa wagonjwa imezoeleka kama dalili kwamba mtu anakufa, hivi kwamba padre akionekana na mafuta wodini mgonjwa huanza kutetemeka. Mpako utolewe mapema nyumbani au kanisani, jumuiya ikiwapo, na ielezwe waziwazi kuwa ni kwa ajili ya kumtia nguvu mgonjwa.

Upasuaji wenyewe hauko mbali kama zamani. Ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete katika eneo hilohilo. Hapo awali wengi walikuwa wakipelekwa India, mahali ambapo hata kumwomba muuguzi maji kulihitaji mkalimani. Leo mgonjwa wa Kigoma anaelezwa kwa Kiswahili, na anaweza kumuuliza daktari wake swali alilolibeba kutoka Mwandiga.

Mfadhili akituuliza kama anunue miwani, tungemwomba kwanza alipie mambo mawili: mafunzo ya wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii kuhusu maelezo haya, na nauli ya ndugu mmoja wa kumsindikiza mgonjwa. Miwani ije baadaye, pamoja na filamu iliyopigwa katika hospitali ileile atakayokwenda, kwa lugha yake. Filamu ya wodi ya Ulaya itampa mgeni wetu hofu mpya. Tena miwani hiyo huwaletea baadhi ya watu kizunguzungu na kichefuchefu, mwenye kifafa asivalishwe bila ushauri wa daktari, na lazima ifutwe kwa dawa kila inapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Kwa mazungumzo ya kamati: Je, katika parokia yenu yupo aliyekwisha kupasuliwa moyo akarudi kazini, pengine anauza dagaa Kibirizi na kovu lake kifuani? Mmewahi kumwomba akae na anayesubiri, amwonyeshe kovu na kumsimulia alivyoamka? Mwenye vali ya chuma kijijini kwenu anapimwa damu wapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Na yule aliyekataa kwenda mwaka jana, kuna aliyemuuliza kwa upole aliogopa nini hasa?