Somo kwa Wapiga Picha: Lenzi ya Zamani ya Pembe Pana na Zumu ya Kisasa



Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa yule anayetafuta kisingizio cha kukwepa shamba. Lakini mkulima makini hachukui shoka kwenda kupalilia, wala hakopi fedha za trekta ili alime kitalu cha mchicha. Wapiga picha wengi wa Kigali, wawe wa harusi, wa magazeti au wa mikutano, hununua vyombo vyao wenyewe kwa jasho lao. Chombo kibaya humpunguzia mtu riziki. Chombo cha ghali kuliko kazi yake humpunguzia zaidi, maana deni halingojei msimu wa harusi.

Kwa sababu hiyo somo letu linalinganisha vyombo viwili: lenzi ya zamani ya pembe pana inayoendeshwa kwa mkono, na lenzi ya zumu ya kisasa. Hatutamtangaza mshindi. Tunataka kila mmoja wetu aweze kujibu swali moja kabla ya kutoa fedha: kazi yangu inadai nini?

1. Maana ya maneno

Urefu wa fokasi wa lenzi hupimwa kwa milimita. Namba ikiwa ndogo, lenzi huona pana. Kwenye filamu ya kawaida ya milimita 35, lenzi ya milimita 35 huona pembe ya nyuzi 63, ya 28 huona nyuzi 75, na ya 24 huona nyuzi 84. Lenzi yenye urefu mmoja haibadiliki: ukitaka mtu awe mkubwa katika picha, msogelee. Zumu hubadilisha urefu kwa kuzungusha pete, nawe umesimama pale pale.

Zumu si jambo la jana. Zumu ya kwanza ya kamera za picha za filamu ya milimita 35, Voigtländer Zoomar ya milimita 36 hadi 82, ilitoka mwaka 1959. Hata hivyo zumu za miaka ile zilikuwa nzito na picha zake hazikuwa kali, kwa hiyo wapiga picha wengi wa magazeti waliendelea kubeba lenzi mbili tatu za urefu mmoja. Leo mambo yamegeuka. Zumu nzuri ya kisasa inaweza kuishinda kwa ukali lenzi nyingi za zamani, hasa pembeni mwa picha. Anayesema kwamba kila cha kale ni dhahabu anapotosha wenzake.

2. Lenzi ya zamani inatupa nini?

Kwanza, wepesi. Lenzi ya Nikkor ya milimita 28 yenye tundu la f/2.8, iliyotoka mwaka 1981, ina uzito wa kama gramu 250. Zumu ya Nikon ya milimita 24 hadi 70 yenye tundu hilo hilo, iliyotoka mwaka 2007, ina gramu 900. Mtu anayepanda na kushuka vilima vya Kigali kutwa nzima, mara kwa miguu, mara nyuma ya pikipiki, huijua tofauti hiyo kwa bega lake.

Pili, alama za umbali. Juu ya pipa la lenzi ya zamani zimechorwa mita na namba za tundu. Hizo ndizo shule yenyewe. Chukua lenzi ya milimita 28 kwenye kamera ya filamu au yenye kihisi cha ukubwa wa filamu. Weka tundu f/8, kisha weka umbali kwenye mita 3.3. Kila kitu kuanzia kama mita 1.7 hadi mwisho wa upeo kitakuwa na ukali wa kutosha. Huna haja ya kutafuta fokasi tena: ona, inua, piga.

Njia hii inafaa pale tukio linapokuja upesi na karibu. Mwezi Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Katika mwinuko wa mawe uitwao Mur de Kigali, mpiga picha aliye kando ya njia hupitwa na mwendeshaji kwa kufumba na kufumbua. Aliyekwisha kuweka umbali wake mapema haitegemei kamera imfikirie. Ndivyo ilivyo pia sokoni Kimironko, katika vichochoro vya Nyamirambo, na asubuhi ya umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, watu wanapopokezana majembe na vikapu.

Tatu, nidhamu. Mwaka 2000 Mmarekani David Jiranek aliwapa watoto wa kituo cha yatima cha Imbabazi, upande wa Gisenyi, kamera za kutumia mara moja na kutupa. Kamera za namna hiyo zina lenzi moja isiyovutika na hazina pete ya fokasi. Watoto walipiga picha zilizooneshwa hata nchi za mbali. Hawakuwa na cha kuzungusha, kwa hiyo walisogea. Aliye na lenzi moja hujifunza kutumia miguu na kuchagua mahali pa kusimama.

Hapa tukumbushane jambo linalowachanganya wengi. Sura ya mambo, yaani cha mbele kuwa kikubwa na cha nyuma kuwa kidogo, hutokana na umbali uliosimama, si na aina ya lenzi. Zumu ikiwekwa kwenye milimita 28, na lenzi ya zamani ya milimita 28, kutoka mahali pamoja zitakupa sura ile ile. Zote mbili zitamvuta uso bibi mwenye heshima uliyemweka pembeni kabisa mwa picha ya ukoo. Wazee wakae katikati.

3. Zumu inatupa nini?

Zumu ni chombo cha mtu asiyeruhusiwa kusogea. Fikiria sherehe ya gusaba. Jamaa za bibi arusi na za bwana arusi wamekaa wakitazamana, na katikati kuna uwanja mtupu. Wasemaji wa pande mbili wanapojibizana, mpiga picha anayekatiza pale ili apate uso wa mzee amevunja adabu, na huenda asiitwe tena. Zumu humwonesha mahema mawili kwa pamoja, kisha humletea uso wa mzee, naye hajainua mguu.

Mikutano ni vivyo hivyo. Mwezi Juni 2022 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Kigali. Katika shughuli za namna hiyo mpiga picha huoneshwa kamba na kuambiwa asiivuke. Ukiwa na milimita 28 peke yake nyuma ya kamba, utarudi na picha ya dari.

Zaidi ya hayo, zumu za kisasa huvuta fokasi zenyewe, na nyingi zina mtambo wa kutuliza mtikisiko wa mkono. Mtambo huo husaidia kwa jengo au mtu aliyetulia. Hauwatulizi wacheza intore! Kwao dawa ni shata ya kasi, nayo hudai mwanga. Giza la Kigali huingia upesi baada ya saa kumi na mbili jioni. Tundu la f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya f/5.6. Lakini tuwe wakweli: zumu ndogo inayouzwa pamoja na kamera hufika f/3.5 upande wake mpana, na hapo f/2.8 inaizidi kwa mara moja na nusu tu.

4. Mtego wa kihisi kidogo

Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea picha badala ya filamu, kilicho kidogo kuliko filamu ya zamani. Kwa Nikon ndogo zidisha urefu wa lenzi kwa 1.5. Milimita 28 inakuwa kama 42, na pembe pana uliyolipia haipo tena. Zumu ndogo ya milimita 18 hadi 55 inakuwa kama 27 kwa upande mpana. Basi mwenye kamera hiyo tayari anayo pembe pana mkononi, asikimbilie kununua nyingine.

Aidha, kuingia si kufanya kazi. Nikon D3200 hupokea Nikkor nyingi za zamani, lakini kipima mwanga chake hakifanyi kazi nazo. Canon ilibadili mshikio wa lenzi zake mwaka 1987, kwa hiyo lenzi za FD za kabla ya hapo haziingii moja kwa moja kwenye kamera zake zilizofuata. Kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi hupokea lenzi nyingi za zamani kwa adapta, na hukuza picha ili uione fokasi vizuri.

5. Kabla ya kulipa

Lenzi ya zamani ikague mchana. Itazame kwa ndani ikielekea tochi: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa vyombo vilivyohifadhiwa penye unyevu. Zungusha pete ya fokasi; isikwame wala isilegee. Vibamba vya tundu viwe vikavu, visiwe na mafuta. Piga picha ukielekea jua, maana lenzi nyingi zilizotangulia tabaka za kisasa za kuzuia mng'ao hufifia mbele ya jua letu.

Kwa zumu, piga hesabu ya kazi. Angalia picha zako za miezi sita: ni ngapi ulizikosa kwa sababu hukuweza kusogea? Zikiwa chache, deni halina sababu. Kukopa harusi kulipa matanga. Zikiwa nyingi, tazameni kama watu watatu wa kikundi kimoja cha akiba, yaani ikimina, wanaweza kununua zumu moja na kupeana zamu.

Na mwajiri akidai uje na zumu ya namna fulani, iandikwe katika mkataba: nani anainunua, nani anailipia ikianguka, na je, malipo ya siku yanahesabu chombo pamoja na mkono? Chombo anachokidai mwajiri ni sehemu ya gharama za kazi. Kisifichwe ndani ya mshahara.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini milimita 28 haioni upana ule ule katika kila kamera?
2. Taja kazi mbili za Kigali zinazodai zumu, na mbili zinazotosheka na lenzi moja. Toa sababu.
3. Je, mikataba yetu inasema nini juu ya vyombo tunavyokuja navyo kazini?