Malengelenge ya Sehemu za Siri katika Kaya Yenye Msafiri

Malengelenge ya sehemu za siri ni ugonjwa unaosababishwa na kirusi kiitwacho hepesi simpleksi, hasa cha aina ya pili, ijapokuwa aina ya kwanza, inayofahamika zaidi kwa vidonda vya midomoni, nayo huweza kuuleta kupitia ngono ya mdomo. Mkanda wa jeshi, ambao mara nyingi huchanganywa nao, huletwa na kirusi kingine cha ukoo huohuo na si ugonjwa wa zinaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wakiishi na aina ya pili, wengi wao bila kujua.

Katika kaya nyingi za Tabora, kinacholeta fadhaa kuliko vidonda vyenyewe ni swali la nani aliyeuleta ugonjwa. Unyamwezi, ambako Tabora ipo, ni nchi ya watu wa safari tangu zamani: wapagazi wa karne ya 19, waliobeba pembe za ndovu kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo, walikaa mbali na wake zao kwa miezi mingi, baada yao vijana walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na baada ya reli kufika mwaka 1912, mji ukaja kuwa njia panda ya wasafiri wa Kigoma, Mwanza na Mpanda. Kwa hiyo kidonda kikitokea wiki chache baada ya mume kurudi, au mke akiugua mume akiwa bado njiani, hukumu hutolewa usiku huohuo, na wapo wanaolitaja tego, yaani dawa ya kienyeji inayoaminiwa kumnasa mzinzi. Kitabibu, hukumu ya namna hiyo haina msingi.

Sababu ni mwenendo wa kirusi chenyewe. Kikishapenya kwenye ngozi laini, hufuata mishipa ya fahamu na kujificha katika vifundo vya neva karibu na mwisho wa uti wa mgongo, na humo hukaa maisha yote. Dalili za kwanza huweza kuonekana kati ya siku 2 na 12 baada ya maambukizi, lakini kwa watu wengi huwa hafifu mno au hazionekani kabisa, na kirusi huweza kuibuka miaka kadhaa baadaye, mwili unapolemewa na homa, uchovu au mfadhaiko, au wakati wa hedhi. Mrina asali aliyetoka porini Sikonge huweza kuota malengelenge yaliyotokana na maambukizi ya kabla ya ndoa, na vivyo hivyo mkewe ambaye hakutoka nyumbani.

Mara nyingi shambulio hutanguliwa na mwasho au hisia ya kuchomachoma. Kisha hutokea vilengelenge vidogo vilivyokusanyika pamoja, hupasuka na kuacha vidonda vya juujuu vyenye maumivu makali. Shambulio la kwanza huweza kuambatana na homa na mitoki, na kudumu wiki mbili hadi nne. Yanayofuata huwa mafupi na hupungua kadiri miaka inavyopita. Anayeumia wakati wa kukojoa hupata nafuu akijimiminia maji ya uvuguvugu papo hapo, na vidonda vioshwe kwa maji safi, vikaushwe taratibu, bila kupakwa majivu wala dawa ya meno.

Dawa ya kukiondoa kirusi mwilini haijapatikana. Asiklovia, ambayo ni vidonge vya kukizuia kisizaliane, hufupisha shambulio, hasa ikianzwa ndani ya siku moja tangu mwasho uanze. Sindano ya penisilini hutibu kaswende, si malengelenge; hata hivyo mtu hawezi kuvitofautisha vidonda vya magonjwa hayo mawili kwa macho yake, na ndiyo maana kwenda moja kwa moja duka la dawa si busara, bali afike zahanati au hospitali, kama ile ya Kitete, apimwe pia kaswende na VVU. Kipimo cha VVU kina uzito wa pekee, kwa kuwa aina ya pili ya kirusi hiki huongeza uwezekano wa kuambukizwa VVU takriban mara tatu. Utafiti uliofanywa kaskazini magharibi mwa Tanzania miongoni mwa wanawake wafanyao kazi katika baa na nyumba za wageni, ukachapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kumeza asiklovia kila siku hakukupunguza hatari hiyo. Kidonge, basi, hakichukui nafasi ya kondomu.

Kondomu nayo hupunguza maambukizi bila kuyazuia yote, kwa sababu kirusi hutoka hata kwenye ngozi isiyofunikwa, na wakati mwingine pasipo kidonda. Wenzi waache kujamiiana tangu mwasho unapoanza hadi ngozi ipone kabisa. Choo, beseni na sahani havina hatia, kwani kirusi hufa upesi nje ya mwili.

Mjamzito amweleze mkunga mapema. Hatari kwa mtoto huwa kubwa mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi ya mwisho, na huwa ndogo sana kwa mama aliyekuwa na kirusi kabla ya mimba. Vidonda vikiwapo uchungu unapoanza, upasuaji huweza kushauriwa. Bibi, shangazi au mgeni yeyote mwenye vidonda vya midomo asimbusu mtoto mchanga, na mtoto wa wiki za mwanzo anayetoka malengelenge, anayekataa kunyonya au anayelegea apelekwe hospitali siku hiyohiyo.